Msichomeke mikoko kwenye uwanja ule Jumamosi

Yakhe, simamisha kwanza. Umeandika kuwa kikundi chenu cha wavuvi huko Pemba kina miche 5,000 ya mikoko, na Jumamosi mnakwenda kuipanda "kwenye uwanja mweupe mbele ya kijiji, maji yakishakupwa". Huo si uwanja. Ni bahari iliyotoka kidogo, inarudi.

Jumamosi ni bamvua, siku za maji makubwa, yanayojaa sana na kukupwa sana. Bamvua maji hukimbia mbali, mtu akaona ardhi tupu isiyo na mwenyewe, akasema hapa panafaa msitu. Lakini mkoko ule wenye mizizi ya magongo hukaa nusu ya juu ya pwani, kuanzia usawa wa kati wa bahari kupanda hadi linapofika bamvua. Chini ya hapo mche unazama mara mbili kila siku na muda wa kupumua hautoshi. Tena haufi siku ile ile, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Mbegu yake ndefu ina akiba ya chakula ndani, itatoa majani mawili, manne, picha zitapigwa, ripoti itaandikwa. Baadaye vile vijikombe vigumu vinavyoganda chini ya ngalawa vinavaa shina, majani yanayoelea yanauelemea, upepo wa kusi ukivuma mawimbi yanautikisa mpaka mchanga unauachia. Ni kupanda muhogo kisimani.

Na hasara si miche tu. Tazameni chini kabla hamjakanyaga. Pakiwa na majani ya bahari, hapo ndipo samaki wadogo, tasi na pono, wanapokulia, na madema yenu, mitego ile ya samaki, yanakula hapo. Kina mama nao wanaokota chaza na kombe hapo hapo. Mtaliua shamba lililo hai ili mpande lisiloota, kisha mjiite kikundi cha uhifadhi!

Aliyewaonesha uwanja ule ni mtu wa mradi, sina haja ya kuuliza. Fomu yake ina nafasi ya kujaza miche iliyopandwa. Ya miche iliyo hai baada ya mwaka haimo. Na uwanja mtupu hauna ugomvi, hauna mwenye mashamba ya chumvi wa kubishana naye. Sri Lanka walipanda hivyo hivyo baada ya tsunami ya 2004. Katika maeneo 23 yaliyokaguliwa baadaye, 9 hayakuwa na mti hata mmoja. Sasa niiteni adui wa mazingira, nishazoea. Mazingira yenyewe hayajanishitaki.

Fanyeni hivi. Ngojeni maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana wala haikupwi sana, tarehe 8 hadi 10 au 22 hadi 24 za mwezi wa kuandama. Chomekeni kijiti mnapotaka kupanda, mrudi maji yakishajaa kabisa. Kijiti kikiwa ndani ya maji, hapo si pa mkoko, sogeeni juu. Kikiwa pakavu lakini bamvua linapafikia, endeleeni. Hakikini kwa macho pia: tafuteni mkoko mkubwa uliosimama chini kuliko wenzake, msipande chini ya usawa wake hata hatua moja. Mlilana unaweza kuwa mbele zaidi, usiwadanganye, huo ni mti mwengine.

Pale juu mkikuta vigogo vilivyokufa, ulizeni kwanza vilikufa kwa nini. Mara nyingi kuna tuta la chumvi au barabara iliyoziba mkondo, maji hayaingii wala hayatoki. Mkiwa na ruhusa ya sheha, kiongozi wa mtaa, na kamati ya wavuvi, zibueni mkondo kwa majembe. Mbegu zitakuja zenyewe na maji, na jirani mkoko ukiwepo huenda msihitaji kupanda kitu.

Mkilazimika kupanda, okoteni mbegu zilizoanguka, zisizo na tundu la mdudu. Za kuchuma ziwe zimeshafanya pete ya njano juu. Ncha kali chini, theluthi moja ndani ya tope, mita moja hadi moja na nusu kati ya mche na mche. Zenye mizizi tayari ziwekeni kivulini, mzimwagie maji ya mkondo kila siku mpaka maji mafu. Jumamosi hiyo okoteni taka.