Je, maikro-RNA zinaweza kuonyesha dalili za awali za saratani ya tumbo?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina umri wa miaka 34 na ninaishi Tukuyu, wilayani Rungwe. Baba yangu alifariki kwa saratani ya tumbo iliyogundulika ikiwa imeshasambaa, baada ya kutibiwa vidonda vya tumbo kwa muda mrefu. Mimi pia tumbo huniwaka moto mara kwa mara, nami hutuliza kwa omeprazoli ninayonunua duka la dawa. Mpwa wangu anayesoma chuo Mbeya mjini ameniambia kuna kipimo cha damu cha maikro-RNA kinachoonyesha mabadiliko kabla saratani haijakomaa. Je, ni kweli, na je, nikisubiri?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Mpwa wako hajakudanganya, lakini nakusihi usikisubiri kipimo hicho.

Saratani ya tumbo iliyo ya kawaida zaidi haizuki kwa siku moja. Mara nyingi chanzo chake ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren walimbaini nchini Australia mwaka 1982. Bakteria huyu akikaa tumboni kwa miaka mingi bila kutibiwa, utando wa ndani huvimba na kuchubuka, baadaye tezi zinazotoa asidi hupungua, na kwa baadhi ya watu seli za tumbo huanza kufanana na seli za utumbo, hali iitwayo metaplasia. Mtaalamu akitazama kipande cha utando huo kwa hadubini huona seli zenye umbo la kikombe, zilizojaa ute, mahali ambapo hazikupaswa kuwapo kabisa. Hatua inayofuata ni displasia, ambapo seli hupoteza mpangilio wake, na baada ya hapo ndipo huja saratani yenyewe. Si kila mtu hupita hatua zote; wengi huishia njiani. Hata hivyo, safari hii huchukua miaka mingi, na ndiyo maana watafiti wanatafuta alama za kuitambua ikiwa bado mwanzoni.

Maikro-RNA ni vipande vifupi vya RNA, yaani molekuli zinazobeba maelekezo ya jeni ndani ya seli, vyenye takriban herufi 22 za kijenetiki, ambavyo havitengenezi protini bali hudhibiti ni protini zipi zitengenezwe na kwa kiasi gani. Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani walizigundua kwa kuchunguza mnyoo mdogo, wakachapisha matokeo yao mwaka 1993, na mwaka 2024 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Tumbo linapobadilika, viwango vya maikro-RNA (kwa kifupi miR) navyo hubadilika: miR-194, ambayo kwa kawaida huwa nyingi kwenye utumbo, huongezeka tumboni penye metaplasia, na miR-21, inayozuia baadhi ya protini zinazodhibiti ukuaji wa seli, huongezeka kwenye saratani. Kwa kuwa vipande hivi hudumu ndani ya damu bila kuharibika upesi, wazo la kuvipima kwa damu ni la busara, na huko Singapore tayari kuna kipimo kinachounganisha maikro-RNA 12.

Ugumu ni kwamba miR-21 hiyohiyo hupanda katika saratani nyingine na hata katika uvimbe usio saratani, kwa hiyo ikiwa peke yake haikuambii ni kiungo gani chenye shida. Tena chembe nyekundu zikipasuka wakati wa kuchota damu, humwaga maikro-RNA zake, kama vile miR-451 na miR-16, na kuyapotosha majibu. Jambo hili linanigusa sana, maana sampuli inayosafirishwa mbali kabla ya kufika maabara huwa katika hatari hiyo zaidi. Na hata kipimo kikionyesha hatari, bado utahitaji kipimo cha kamera ya kuangalia ndani ya tumbo.

Kwa hiyo nenda hospitali ya wilaya, ueleze habari ya baba yako bila kuficha, uombe rufaa ya endoskopi, yaani kipimo cha kamera, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Ni vyema daktari achukue vipande vya utando kutoka sehemu mbalimbali za tumbo hata kama panaonekana pazima, kwa sababu metaplasia mara nyingi haionekani kwa macho. Bakteria akipatikana, maliza dozi yote: utafiti wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2020, uliohusisha watu wenye mzazi, ndugu au mtoto aliyewahi kuugua saratani hii, ulionyesha kuwa waliopewa dawa za kumuua bakteria walipata saratani kwa zaidi ya nusu pungufu kuliko wasiopewa. Ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu, ukishindwa kumeza au ukikonda bila sababu, nenda siku hiyohiyo.

Mweleze daktari pia kuhusu omeprazoli unayotumia, kwani kwa kawaida huachwa kwa wiki 2, na antibayotiki kwa wiki 4, kabla ya kipimo cha choo cha kumtafuta bakteria huyo. Vinginevyo kipimo kinaweza kusema hayupo ilhali yupo.