Jibu: Ruzuku ya kodi ya nyumba kwanza, au mafunzo kwanza?

Umeuliza kama familia isiyo na makazi Marekani ipewe ruzuku ya kodi moja kwa moja, au ianze na mafunzo. Ruzuku kwanza. Wizara ya makazi ya huko ilifuatilia familia 2,282 zilizoandikishwa kati ya 2010 na 2012 zikiwa kwenye makazi ya dharura. Kwa waliopata vocha za kudumu, yaani hati za serikali za kulipia sehemu ya kodi ya nyumba, kukosa tena makazi kulipungua kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na walioachwa na msaada wa kawaida. Ukatili wa nyumbani nao ulipungua, na watoto walihamishwa shule mara chache zaidi. Ajira ilishuka kidogo, na hilo usilifiche unapoitetea vocha.

Nguvu ya vocha iko kwenye hesabu: familia hulipa takriban asilimia 30 ya kipato baada ya makato, vocha inabeba kilichobaki hadi kiwango kilichowekwa. Mama akipunguziwa saa za kazi, atoe taarifa ofisi ya vocha siku hiyohiyo ili sehemu yake ishushwe. Akinyamaza, malimbikizo ya kodi yanaanza, kisha notisi ya kuhama.

Mambo hukwama zaidi kabla ya kuhamia. Muda wa kutafuta nyumba huanzia siku 60, nyumba lazima ipite ukaguzi, na vocha kwa kawaida hailipi amana, yaani fedha za dhamana anazopewa mwenye nyumba kabla ya kuhamia. Kwa hiyo tafuteni mapema fedha za amana na mtu wa kuzungumza na wenye nyumba. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto pia viandaliwe, maana hupotea sana watu wakihamahama.