Sheria ya Mazingira: Tuuze Kiwanja Niende Vermont?

SWALI: Shikamoo Mama Wakili. Nilimaliza digrii ya sheria mwaka jana, na sasa nimepata nafasi ya kusomea uzamili wa sheria ya mazingira Vermont, Marekani. Ada wamenipunguzia kidogo tu. Iliyobaki baba anataka auze kiwanja chetu cha Bunju. Mjomba anasema sheria hiyo haina wateja hapa kwetu. Je, niende? Na nikirudi nitaapishwa uwakili moja kwa moja?
Msomaji, Tegeta

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Nianze na hilo la mwisho: hapana. Uzamili wa nje haukuvushi Shule ya Sheria, mafunzo ya kabla ya kuapishwa uwakili, pale barabara ya Sam Nujoma. Utapita hapo kama wenzako wote.

Chuo chenyewe ni kizuri, nakuambia bila kusita. Kilianzishwa mwaka 1972 katika mji mdogo wa South Royalton, na tangu 2022 kinaitwa Vermont Law and Graduate School. Ukitaja sheria ya mazingira Marekani, hakikosi kutajwa, pamoja na Lewis & Clark cha Oregon na Pace cha New York. Mimi ninachokipendea zaidi ni kliniki yake ya sheria, ambako wanafunzi hushika kesi za kweli wakisimamiwa na mawakili.

Ila mjomba wako simkubalii hata kidogo. Mtongani unaipita kila ukienda mjini, sivyo? Basi sikiliza kisa chake, kinaanzia Tabata. Miaka ya themanini taka za Jiji la Dar es Salaam zilikuwa zinamwagwa Tabata na kuchomwa hapo hapo. Moshi, nzi na harufu vikawa vinaingia hadi vyumbani mwa watu. Wakazi wakaenda mahakamani, kesi ya Joseph Kessy ya mwaka 1988, wakashinda. Jiji likarudi kwa jaji kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga! Jaji Lugakingira akakataa. Akasema hajapata kusikia popote mamlaka ya umma ikienda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira, na akaikumbusha ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Kila nikiisoma hukumu ile damu inanichemka.

Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, eneo la makazi vilevile. Festo Balegele na majirani zake wakafungua shauri Mahakama Kuu mwaka 1991. Mahakama ikafuta uamuzi wa Jiji, ikapiga marufuku kumwaga taka pale, ikaliamuru litafute mahali pasipodhuru afya za watu. Mwambie mjomba hao ndio wateja. Wengi wao hawana pesa, ni kweli, lakini tangu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, wenye miradi mikubwa wanapaswa kufanya tathmini ya athari kwa mazingira kabla hawajaanza, na hao wanalipa wakili vizuri.

Kwa hiyo usiuze kiwanja. Baba yako anakupenda, ila ardhi ya Bunju ikishaondoka hutaweza kuinunua tena kwa mshahara wa wakili mchanga. Waandikie Vermont uombe nafasi isogezwe mbele. Katikati hapo maliza Shule ya Sheria, kisha bisha hodi LEAT, wanasheria watetezi wa mazingira waliopo hapa Dar tangu 1994, uombe kujitolea. Ukiomba ufadhili ukiwa umeshashika faili la mwananchi anayelia na vumbi la kiwanda, barua yako itakuwa na nguvu ambayo cheti peke yake hakina.

Katika barua hiyo ya Vermont uliza pia kama mwanafunzi wa uzamili anaruhusiwa kuingia kliniki, au ni ya wale wa digrii ya kwanza ya sheria tu. Kama haruhusiwi, fikiria upya hata ukipewa ufadhili wote. Wakikujibu niletee barua yao tuisome pamoja, na mzee umpe salamu zangu.