Bastola mapacha zenye doti nyekundu ya kiwandani: tazama kwanza kilichopo chini ya saiti

SWALI: Kaka habari za majukumu. Kibali changu kimeshatoka na sasa nimebaki na uamuzi mmoja tu unaoninyima usingizi. Nimezishika SIG P365X na P365XL, zote mbili zimekuja na saiti (kifaa cha kulengea) ya doti nyekundu ya ROMEOZero kutoka kiwandani, zote 9mm, magazini za risasi 12, hata mpini naona ni uleule. Muuzaji ananiambia chukua fupi inafichika, rafiki yangu anasema chukua ndefu ndo inalenga vizuri. Nitaibeba kiunoni na mimi ni mwembamba. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu yangu hongera kwa kibali. Hao wawili wanakutakia mema ila wote wamekupa sababu za enzi za saiti za chuma, na wewe unanunua bastola yenye doti, kwa hiyo ngoja tuanze na rafiki yako. Kwenye saiti za chuma unapanga vitu viwili, ile ya mbele na ile ya nyuma, na jinsi vinavyokaa mbali ndivyo jicho linavyoona kosa mapema, ndo maana bastola ndefu ilikuwa inalengeka kirahisi. Kwenye doti hamna cha kupanga, ni nukta moja kwenye kioo, ikikaa juu ya shabaha basi umelenga, slaidi, yani kile kipande cha juu kinachorudi nyuma ukifyatua, iwe fupi iwe ndefu. Kwa hiyo urefu kwa ajili ya kulenga, futa.

Sasa muuzaji. Kinachoonekana chini ya shati la mtu mwembamba ni mpini, sio mtutu, mtutu si unazama ndani ya suruali? Na umesema mwenyewe mpini ni uleule, na ni kweli kabisa, P365X ni slaidi fupi imekalishwa juu ya mpini wa XL. Mtutu wa X ni inchi 3.1 na wa XL ni inchi 3.7, yani tofauti haifiki hata upana wa kidole gumba, ni kama milimita 15. Tena hizo milimita 15 zikiwa chini ya mkanda zinakusaidia, sababu saiti imeongeza uzito juu, na bastola fupi yenye kichwa kizito inapenda kulala nje na kuutoa mpini mbali na mwili, ile ndefu inaegemea paja na kurudisha mpini ndani. Mimi kura yangu ni XL. Ina uzito kidogo zaidi mbele na ukifyatua doti inarudi mahali pake kwa utulivu. Kitu kimoja tu kingenifanya nikwambie chukua X, kama siku nzima uko kwenye kiti au nyuma ya usukani na unabeba mbele ya tumbo, hapo zile milimita 15 utazisikia kwenye nyonga. Omba holsta, yani ala ya kubebea, ya kila moja, weka bastola ikiwa tupu, kaa, inama ufunge kamba za viatu, mwili utakwambia.

Lakini ndugu yangu hilo wala sio swali kubwa. Watu wanachagua bastola hizi kwa kuangalia doti inavyong'aa dukani wakati doti ndo kitu cha kwanza kitakachokuja kubadilishwa, bastola utakaa nayo miaka na miaka. Tazama mkato wa kwenye slaidi pale saiti inapokaa. Kwenye P365X na XL, saiti ya chuma ya nyuma imeshikiliwa na kile kibamba kinachotolewa ili doti iingie, kwa hiyo doti ikiwekwa, saiti ya nyuma imeondoka nayo! ROMEOZero wameichongea kijialama nyuma ya bodi yake ufanye kama saiti ya nyuma, inasaidia, ila bodi yenyewe ni ya polima, na siku saiti ikipasuka au ikichomoka umepoteza vyote viwili kwa mpigo. Linganisha na Glock 43X MOS, ile iliyochongwa mkato wa kuwekea doti, saiti ya nyuma inabaki palepale ilipo hata ukiweka doti. Au Hellcat OSP iliyokuja na saiti ya Shield SMSc, mkato umeshushwa chini kiasi kwamba unaona saiti za chuma kupitia kioo hichohicho, betri ikifa unaendelea kulenga. Mimi hiki kitu nakipa uzito kuliko mng'ao wa doti mara kumi. Na kama moyo wako uko kwa SIG, ulizia yenye ROMEOZero Elite, lenzi yake ni kioo, haichubuki ovyo kama ya plastiki ukiifuta na shati.

Halafu usidhani mikato inayofanana inaingiliana. Slaidi ya P365 ina vijiti vidogo vinavyoingia kwenye matundu ya saiti, na saiti kama Holosun 507K haina matundu ya vijiti vya nyuma, inakaa juu juu tu. Nimemuona mtu kwa macho yangu amekaa mezani na tupa anakwangua vijiti vya slaidi mpya, akapata saiti aliyoitaka ila siku alipotaka kurudisha ile ya zamani ikawa inategemea skrubu peke yake. Kuna kibamba cha kati kinauzwa kwa kazi hiyo, tumia hicho, tupa iache.

La mwisho kwako, saiti kufungwa kiwandani haina maana imelengeshwa kwa jicho lako. Ukiipata, weka mkono juu ya mfuko wa mchanga, piga risasi tano mita 10, tazama kundi limeangukia wapi, zungusha kidogo skrubu za kurekebishia saiti, rudia, halafu hakikisha tena mita 25. Afu chukua kalamu ya rangi uchore mstari mwembamba unaovuka kutoka kichwa cha skrubu mpaka kwenye bodi ya saiti. Mstari ukikatika, skrubu imelegea, utaiona kabla haijakuaibisha. Na wiki za kwanza utainua bastola usiione doti kabisa, hiyo ni kawaida ya kila anayetoka kwenye saiti za chuma, manake tunazoea kuinua mdomo wa bastola juu kidogo. Hakikisha mara mbili kwamba bastola haina risasi, kwenye mtutu na kwenye magazini, peleka risasi zote chumba kingine cha nyumba, elekeza ukuta salama, kisha kaza macho kwenye shabaha sio kwenye kioo, inua taratibu mara ishirini kila siku. Doti itakuja yenyewe mbele ya macho.

SWALI: Shikamoo. Nimenunua bastola yenye doti ya kiwandani, lakini mimi naona sio nukta, ni kama nyota yenye mikia, na upande mmoja imejikunja kama alama ya koma. Mume wangu akiangalia anaona duara safi. Nirudishe saiti?

JIBU: Marahaba dada, usirudishe kwanza. Shika simu, weka kamera nyuma ya kioo pale jicho linapokaa, piga picha ya doti. Picha ikitoka duara, saiti ni nzima na kinachochora mikia ni umbo la jicho lako, inaitwa astigimatizimu, watu wengi wanayo bila kujua mpaka siku wanapotazama taa kali gizani. Njia nyingine, bastola ikiwa tupu igeuze taratibu ilale ubavu huku kichwa chako kimetulia. Mikia ikigeuka pamoja na bastola shida iko kwenye saiti, mikia ikibaki ilivyo shida iko jichoni.

Kama ni jicho, punguza mwanga wa doti kwanza, dada zangu wengi wanaweka mwanga mkali mno, na doti kali hata jicho zima inaitawanya. Ikikataa, nenda kwa daktari wa macho, miwani yenye vipimo sahihi huwa inairudisha duara. Wengine wanaona doti ya kijani safi kuliko nyekundu, kwa hiyo kama dukani ipo ya kijani itazame kabla hujalipa. Na mwenye hii hali asikimbilie doti kubwa. Doti hupimwa kwa MOA, kipimo cha pembe kinachoonyesha ukubwa wake kwenye shabaha, ya MOA 6 inafunika kama milimita 17 ya shabaha kwa mita 10, ya MOA 3 inafunika nusu ya hapo. Kubwa inaonekana haraka, ni kweli, ila ikishaota mikia inakuwa doa. Na ukiwa unaangalia shabaha badala ya doti, macho yote mawili wazi, hiyo mikia unaisahau kabisa, hili nimelishuhudia kwa wanafunzi wengi na linanifurahisha kila mara.

SWALI: Kati ya Glock 43X MOS na ile 43X iliyokuja na saiti ya Aimpoint COA, ipi? Nafanya kazi ya vumbi na jasho.

JIBU: Kwa kazi yako chukua yenye COA, sitazunguka. Hii ilitoka 2025, na saiti yenyewe imefungwa pande zote. Kwenye saiti za wazi ile taa ndogo inayotoa doti iko nje, kipande cha uzi kutoka kwenye shati au tone la jasho likikaa pale juu doti inapotea au inatawanyika kioo kizima, na utaigundua siku unayoihitaji. Iliyofungwa unafuta kioo cha mbele na cha nyuma na kidole, basi. Betri yake inaingia ubavuni pia, unabadilisha bila kufungua saiti, sio kama zile zenye betri chini ambazo kila ukibadilisha unatakiwa ulengeshe upya, au angalau uhakikishe. Ila ujue unachoachia, mkato wake umechongwa kwa ajili ya COA, ambapo MOS unaweza kuwekea saiti za aina nyingi. Kama wewe ni mtu wa kujaribu saiti mpya kila mwaka, MOS ndo yako na uwe na brashi ndogo mfukoni, asubuhi kabla ya kuivaa unapitisha juu ya ile taa mara mbili tatu, unawasha, unatazama doti ukutani, ndo unatoka.