Kigae Kiache Kilipolala: Ushauri kwa Wanaotaka Kuhifadhi Historia ya Mombasa

Kwa miaka kadhaa nimejitolea, pamoja na majirani ambao wengi wao hawajasomea akiolojia, kuandika kumbukumbu za mitaa ya Mji wa Kale wa Mombasa, na swali ninaloulizwa zaidi na vijana ni lini tutaanza kuchimba. Jibu langu ni kwamba si kazi yetu kuchimba, kwa kuwa mji huu unachimbwa kila siku. Huchimbwa mtaro wa maji, huchimbwa msingi wa ghorofa, huchimbwa shimo la choo, na udongo hupakiwa kwenye lori kabla mtu yeyote hajautazama. Anayetaka kuihifadhi historia ya mji wake na ajifunze kwanza kusimama kando ya shimo hilo.

Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba misikiti yake ilikuwa ya mbao, iliyojengwa kwa ustadi, na kwamba milangoni mwake palikuwa na visima vya kina kifupi. Mbao huoza. Kinachobaki ni alama nyeusi ya nguzo ardhini, sakafu iliyoshindiliwa, majivu ya jikoni na makombe ya baharini, yaani vitu ambavyo haviwezi kutiwa mfukoni wala kupangwa kwenye kabati la kioo. Uchimbaji alioufanya mwanaakiolojia Hamo Sassoon miaka ya 1970 katika eneo la hospitali kuu ulionyesha kuwa watu walikaa pale takriban miaka elfu moja iliyopita, karne nyingi kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Mji huo wa mwanzo hauna ukuta wa kupigia picha, na mtu akiuvuruga udongo wake ameufuta.

Katika mtaro mmoja wa msingi tuliokubaliwa kuutazama, ubavu wa shimo ulikuwa na saruji na mifuko ya plastiki juu, kisha kifusi cha mawe ya matumbawe, kisha mstari mweupe wa sakafu ya chokaa, na chini ya sakafu hiyo majivu yenye mifupa ya samaki. Ndani ya majivu kilichomoza kigae cha bakuli la Kichina, kijani kilichopauka, cha ukubwa wa kidole gumba. Fundi alitaka kukichomoa atupatie, kwa ukarimu wake, nasi tukamwomba akiache kwanza. Tuliweka rula kando yake, tukapiga picha ya ubavu mzima, tukapima kina kutoka kizingiti cha mlango, tukaandika tarehe na jina la mtaa. Kigae kile kikiwa nyumbani kwangu kingekuwa pambo tu. Kikiwa chini ya sakafu kinatuambia kwamba sakafu ile haiwezi kuwa ya zamani kuliko bakuli, na mtaalamu akishalitambua bakuli, umri wa nyumba nzima unaanza kujulikana.

Hatua inayofuata ni kutoa taarifa. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 inakataza kuchimba mambo ya kale bila leseni, na inamtaka aliyegundua kitu cha namna hiyo ayajulishe Makumbusho. Wenye nyumba huogopa kwamba ujenzi utasimamishwa, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Tuliwahi kufukuzwa na msimamizi wa ujenzi aliyedhani tumetumwa kumpeleleza. Nendeni kwa mwenye nyumba kabla jembe halijagusa ardhi, mkiwa na mzee wa mtaa anayemfahamu, na msiahidi kwa niaba ya ofisi yoyote. Wananchi wana nafasi kubwa katika ugunduzi: meli ya Kireno ya Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, iligunduliwa na wapiga mbizi wa hapa hapa miaka ya 1960, na wataalamu wakaanza kuichimba mwaka 1977. Waliogundua walisema walichokiona, na ndiyo maana leo vitu vyake vinaonekana makumbushoni.

Kwa wazee, msiende na swali la jumla kuhusu historia ya mtaa, kwa sababu mtajibiwa kwa heshima yale yale yaliyomo vitabuni. Ulizeni maji yalikuwa yakitekwa wapi. Bibi mmoja tuliyemuuliza hivyo alitutajia visima vitatu, kimoja kikiwa chini ya duka la sasa, na akaeleza nani alikuwa na haki ya kuteka kwanza, jambo lililotufunulia koo na majirani wa enzi hizo kuliko orodha yoyote ya majina. Mkumbuke kwamba kisima cha zamani mara nyingi huelekeza kwenye msikiti wa zamani.

Ombeni ruhusa kabla ya kurekodi, na hati za wakfu au za nyumba zipigwe picha papo hapo mbele ya wenyewe, zisiazimwe. Nakala ya kwanza apewe mzee aliyezungumza, ya pili ipelekwe makumbushoni, na ya tatu ibaki mtaani, kila moja ikiwa na jina la msimuliaji, tarehe na mahali.