Re: Filamu niliyoikodi inaisha lini?

Mkuu, umeuliza kama filamu uliyoikodi YouTube jana itapotea kabla ya wikiendi. Haipotei. Kwa kawaida unapewa siku 30 za kuanza kuitazama. Ukishabonyeza tu, saa 48 zinaanza kuhesabiwa, hata kama umetazama dakika 5 ukapitiwa na usingizi. Ndani ya saa hizo irudie utakavyo. Apple nao utaratibu wao ni huohuo. Kwa hiyo usiifungue Alhamisi eti unaijaribu, wakati familia mtakaa Jumapili. Na kama unatumia bando la simu, punguza kwanza ubora wa picha: HD inaweza kula hata GB 3 kwa saa, bando likakata mhalifu hajakamatwa.