Ukungu Unatanda, Haupo Tu

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mapambo ya msimu ukutani yanasaidia somo la Kiswahili au yanapendezesha darasa tu. Yanasaidia, ila si yale ya majina matupu.

Bandika "ukungu", "baridi" na "umande" pamoja na michoro yake, kisha waambie Darasa la Tatu waandike insha kuhusu asubuhi ya Julai. Utasahihisha "kulikuwa na ukungu, kulikuwa na baridi, kulikuwa na umande" hadi kalamu iishe wino. Watoto hawajakosea, wametumia ulichowapa. Nomino ipande ukutani na vitenzi vyake, upatanisho wa kisarufi ukiwa umekamilika: ukungu umetanda, umeshuka, umetoweka; umande umelowesha nyasi; baridi inauma; sakitu (umande ulioganda) imeunguza viazi.

Karatasi moja ya manila ya sentimita 60 kwa 84 inatoa kadi 12 za sentimita 10 kwa 42. Kunja kila kadi katikati: nusu ya kushoto nomino, ya kulia vitenzi. Herufi za nomino ziwe na kimo cha sentimita 4, la sivyo dawati la nyuma halisomi. Wiki ya kwanza kadi zibaki wazi. Ya pili zikunjwe, mtoto ataje kitenzi kabla ya kufunua. Ya tatu ziondoke zote wakati wa kuandika, kisha zirudi ili kila mmoja ajisahihishe. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa sana, na bila hiyo mnafanya zoezi la kunakili. Kadi 12 kwa wiki hizo tatu zinatosha. Ukuta ukijaa hakuna anayeusoma.

Kuhusu misimu yenyewe, tahadhari na mabango ya dukani yenye masika na vuli. Huku Mbeya, Iringa na Njombe mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Mtoto wa Mufindi akiulizwa vuli ni lini, atakariri jibu asilowahi kuliona. Pangeni kwa mnachokiona: Januari palizi, radi, mito kufurika na, kwa walio jirani na Hifadhi ya Kitulo, maua; Julai, baada ya likizo, baridi na sakitu; Septemba vumbi, upepo na kuandaa mashamba. Suke la mahindi au tawi la chai likining'inia kando ya kadi linashinda mchoro wowote.

Gundi ya unga iacheni. Wakati wa mvua kuta hutoa jasho, karatasi huota ukungu (ule mwingine), na panya hufuata unga. Tumieni kamba ya katani na vibanio vya nguo, kimo cha mita 1.5: aliyeketi nyuma anaona juu ya vichwa vya wenzake, na aliyesimama anafikia kadi. Kamba ikizidi mita 3 pigeni msumari katikati, vinginevyo italegea na kadi zote zitajikusanya sehemu moja. Maka peni iwe ya wino usiotoka kwa maji. Nyekundu msiitumie upande unaopigwa na jua la dirishani, hupauka mapema.

Neno ambalo darasa zima linaliandika bila kosa lishushwe hata kama wiki zake hazijaisha, lipishe jingine.

Mwalimu msomaji, Iringa